Kwa Nini Mbwa Mweusi Anatoka wa Bluu: Kurekebisha Mwanga na Rangi kwenye Picha za Nje

Fungua simu yako, tafuta picha ya mwisho uliyompiga mbwa au paka wako akiwa nje. Usiangalie macho wala mkao. Angalia rangi chini ya kidevu, kwenye tumbo, na juu ya mgongo. Kama alikuwa kwenye nyasi, kuna uwezekano mkubwa kidevu kina ukijani fulani ambao siku ile hukuuona. Kama ni mweusi na alikaa kivulini, mgongo umetoka na ubluu kama wa bomba la chuma. Na kama ni mweupe na mlikuwa juani saa sita mchana, nusu ya uso wake haionyeshi unyoya hata mmoja, ni doa jeupe tu.

Wengi hapo tunakimbilia filta. Picha ni yako, hakuna atakayekukamata. Ila kuna nyakati rangi ya mnyama ni taarifa kamili: mbwa amepotea na unasambaza picha yake kwenye magrupu ya mtaa, paka anatafutiwa nyumba mpya, au daktari wa mifugo yuko mbali na amekuambia, "Nitumie picha ya fizi zake." Hapo filta inaweza kukuponza. Unachohitaji ni kujua mwanga ulifanya nini siku ile, halafu uutengue hatua kwa hatua.

Mbwa mmoja, taa tatu

Ukiwa nje mchana unadhani taa ni moja, jua. Kwa kweli mnyama wako anamulikwa na vitu vitatu kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina rangi yake.

La kwanza ni jua lenyewe. Wapiga picha hupima rangi ya mwanga kwa kelvini, na jua la mchana huwa karibu kelvini 5,500, weupe wenye unjano kidogo sana. Jioni linaposhuka namba inaanguka hadi 3,500 au chini ya hapo, na kila kitu kinakuwa cha dhahabu. Kwetu karibu na ikweta kipindi hicho ni kifupi kweli. Jua linazama karibu wima, linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi sita za mwisho zinakwisha kwa dakika kama 24. Ukisoma ushauri ulioandikwa na mtu wa Uingereza kuhusu "saa ya dhahabu", jua kwamba ya kwake wakati wa kiangazi ni ndefu kuliko ya kwako.

Cha pili ni anga. Molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu, na tofauti inakua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Chukua bluu ya nanomita 450 na nyekundu ya nanomita 650, piga hesabu: bluu inatawanywa zaidi ya mara nne ya nyekundu. Maana yake anga ni taa kubwa mno ya bluu iliyotandazwa juu yako. Ukiwa juani huioni kazi yake kwa sababu jua linaimeza. Mbwa akiingia kwenye kivuli cha nyumba, jua linazibwa lakini anga bado ipo, na sasa yeye anamulikwa na ile taa ya bluu karibu peke yake. Mwanga wa kivulini hufika kelvini 7,000 au 8,000, na siku ya anga safi hata zaidi.

(Ndiyo, namba kubwa ni bluu, namba ndogo ni njano, kinyume cha tunavyosema "rangi za joto" na "rangi za baridi". Kelvini zinafuata kitu kinachopashwa moto: kaa la moto ni jekundu, na kikizidi kupata joto kinaelekea weupe, halafu ubluu.)

Cha tatu ni ardhi, na hiki ndicho kinachosahaulika. Klorofili kwenye majani hunyonya nyekundu na bluu, ikarudisha sehemu kubwa ya kijani. Udongo mwekundu wa Karatu au Kiambu, uliojaa oksidi za chuma, unarudisha rangi ya machungwa. Binadamu akisimama, uso wake uko mita moja na nusu kutoka chini, kwa hiyo rangi hiyo inamfikia imeshafifia. Tumbo la paka liko shubiri moja tu juu ya udongo. Ndiyo maana paka mweupe kwenye uwanja wa udongo mwekundu anaonekana kama amemwagiwa chai tumboni, huku mwenye paka aliyesimama pembeni katoka kawaida kabisa.

Kamera haioni, inakisia

Macho yako yalikuwa pale pale, mbona hayakuona ukijani? Kwa sababu ubongo unautoa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanafiziolojia Mjerumani Johannes von Kries alieleza kwamba jicho hurekebisha unyeti wake kwa kila rangi kulingana na mwanga uliopo, ndiyo maana karatasi nyeupe unaiona nyeupe ukiwa juani na ukiwa chini ya taa ya chumbani. Kumbuka ile picha ya gauni ya Februari 2015 iliyogombanisha mtandao mzima, wengine wakisema ni bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu. Pikseli zilikuwa zilezile kwa wote. Kilichotofautiana ni ubongo wa kila mtu ulikisia gauni liko kwenye mwanga gani.

Kamera nayo inajaribu mchezo huohuo, ila kwa ujuzi mdogo. Inakisia mara mbili.

Kisio la kwanza ni la kiasi cha mwanga. Kwa msingi wake, kipima mwanga hudhani kwamba ukichanganya vitu vyote mbele yake utapata kijivu cha wastani, kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Mbwa mweusi akijaza fremu nzima, kamera inasema "hapa pana giza", inaongeza mwanga, na mweusi anakuwa wa kijivu. Mbwa mweupe akijaza fremu, inapunguza, naye anakuwa wa kijivu pia. Lakini mbwa mweusi huyohuyo akiwa mdogo katikati ya uwanja unaong'aa, kamera inaufuata uwanja na yeye anabaki shimo jeusi lenye ulimi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakupa kanuni moja ya mbwa weusi, "ongeza" au "punguza", muulize kwanza mbwa amechukua sehemu gani ya fremu.

Kisio la pili ni la rangi. Njia ya zamani na rahisi kuliko zote inadhani wastani wa rangi zote kwenye picha ni kijivu. Kamera za sasa zina akili zaidi, ila bado zinavutwa upande huo. Sasa angalia kinachotokea. Mbwa yuko katikati ya nyasi, juani. Mwanga ni mweupe, nyasi ndizo za kijani. Kamera inaona kijani kimejaa, inadhani taa ndiyo ya kijani, inakipunguza, na mbwa wa kahawia anatoka na wekundu wa kupita kiasi. Siku nyingine yuko chini ya mwembe. Hapo mwanga wenyewe kweli ni wa kijani, umechujwa na majani, kamera inaurekebisha nusu tu, na mbwa anatoka kama ana kichefuchefu. Kwenye udongo mwekundu ni hadithi hiyohiyo kwa upande wa pili: kamera inaongeza bluu, na mbwa mweupe anakuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji.

Unaona sasa kwa nini filta moja haiwezi kutibu zote. Makosa mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa yametoka pande zinazopingana.

Mwanga kwanza, rangi baadaye

Ukifungua programu ya kuhariri, anza na mwangaza, usianze na rangi. Sababu siyo mazoea tu. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kwenye faili la kawaida la JPEG kila namba inaishia 255. Ikifika hapo imefurika kama ndoo. Mwanga ulioendelea kuingia haukuandikwa popote. Paka wa rangi ya machungwa juani ndiye mfano mzuri. Kwenye manyoya yake nyekundu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo inafurika kwanza. Kijani inaendelea kupanda, nyekundu imekwama, uwiano unavurugika na paka anageuka wa njano. Hapo unaweza kuburuta kile kitelezi cha joto mpaka kidole kichoke. Wekundu hautarudi kwa sababu haumo. Njia pekee ni kupunguza mwangaza wakati wa kupiga: gusa mnyama kwenye kioo, shusha ile alama ya jua kidogo, ndipo upige.

Angalia histogramu kama programu yako inayo. Ule mlima ukibanwa ukutani upande wa kulia, kuna kitu kimefurika. Ukibanwa kushoto, kuna kitu kimezama.

Vilivyozama vinaokoleka kuliko vilivyofurika, lakini vina gharama yake, na hapa wenye mbwa weusi nisikilizeni vizuri. Mwanga unafika kwenye kihisi cha kamera kama fotoni, mojamoja, kama matone ya mvua kwenye ndoo. Ndoo mbili zilizowekwa jirani hazipati matone sawasawa, na kutolingana huko ni kama kipeo cha pili cha wastani kilichogeuzwa, yaani mzizi wake wa mraba. Tuseme pikseli ya manyoya meupe imepata fotoni 10,000. Mzizi wake ni 100, sawa na asilimia 1, jicho halioni. Pikseli ya manyoya meusi kivulini imepata fotoni 100. Mzizi wake ni 10, sawa na asilimia 10. Ukivuta vivuli juu mara nne, unakuza fotoni na kasoro zake kwa pamoja. Asilimia 10 inabaki 10, ila sasa inaonekana. Zile chengachenga zinazotokea kwenye mbwa mweusi ukimwangaza sana si ubovu wa programu. Ni uhaba wa fotoni, na hakuna kitelezi kinachotengeneza fotoni.

Programu za kusafisha chengachenga zipo na nyingine ni nzuri. Zinachofanya ni kukisia manyoya yalivyokuwa kwa kuangalia jirani zake, ndiyo maana ukizidisha mbwa anakuwa kama kafinyangwa kwa plastiki. Mimi huacha chenga kidogo. Mbwa mwenye chenga bado ni mbwa.

Kama simu yako inaruhusu kupiga faili ghafi, ile inayoandikwa RAW kwenye mipangilio, itumie kwa wanyama weusi. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la kamera yenye biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina 16,384, kwa hiyo vivuli vikivutwa juu havikatikikatiki.

Na wala tatizo la vitu vyeusi kutoka vibaya halikuanza na mbwa. Miaka mingi ya filamu ya rangi, maabara zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi nyeusi zikawa zinapoteza undani. Kodak walipokuja kutoa filamu ya Gold Max, wakaisifu kwamba inaweza kuonyesha undani wa farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Wengi wanaona farasi huyo alikuwa njia ya adabu ya kuzungumzia watu.

Mtafute asiye na rangi

Mwangaza ukishakaa sawa, njoo kwenye mizani ya weupe. Hesabu yake ni nyepesi kuliko jina lake. Tafuta kitu kwenye picha ambacho unajua hakina rangi, kijivu au cheupe kisichofurika. Tuseme hapo programu inasoma nyekundu 170, kijani 200, bluu 230. Kitu kisicho na rangi kilipaswa kuwa na namba tatu sawa. Kwa hiyo zidisha nyekundu yote ya picha kwa 200/170, karibu 1.18, na bluu yote kwa 200/230, karibu 0.87. Umemaliza. Kile kitone cha kunyonya rangi kwenye programu nyingi za kuhariri kinafanya hivyo hivyo, ingawa programu nzuri hufanya hesabu kabla ya namba kukandamizwa kwa ajili ya kioo.

Vitelezi viwili vya kawaida ni njia nyingine ya kufika palepale. Kimoja ni joto, bluu hadi njano. Cha pili ni kijani hadi majenta, ile rangi iliyo kati ya pinki na zambarau. Kivuli cha ukuta unakitibu zaidi na cha kwanza; kivuli cha mti unakihitaji sana cha pili. Usishangae kwamba ukipandisha kelvini kwenye programu picha inakuwa ya njano. Unaiambia "mwanga ulikuwa bluu kiasi hiki", nayo inafidia.

Sasa, kosa linaloonekana sana: kubonyeza kile kitone kwenye manyoya meupe ya mnyama. Manyoya "meupe" mengi yana ukrimu ndani yake, na chini ya macho ya mbwa wengi weupe kuna michirizi ya kahawia inayotokana na machozi. Ukiiambia programu kwamba ukrimu ule ni weupe kamili, dunia nzima itakuwa bluu. Meno nayo usiyaguse, ni ya njano kiasili. Ukuta wa saruji usiopakwa rangi unakaribia kufaa. Karatasi nyeupe ya printa inafaa pia, ingawa ina kemikali zinazogeuza mionzi ya urujuanimno kuwa mwanga wa bluu, kwa hiyo juani huwa bluu kidogo kuliko ukweli. Kwa matumizi yetu inatosha.

Kuna rangi nyingine ambazo siyo kosa, ziache. Manyoya meusi yana eumelanini, inayomeza karibu mwanga wote unaoingia ndani ya unyoya. Ule usioingia unaakisiwa juu kama kwenye kioo, ukiwa na rangi ya chanzo chake. Mgongo wa mbwa mweusi anayeng'aa ni kioo kinachoonyesha anga. Ubluu ule ulikuwepo kweli. Upunguze kama unakusumbua, ila ukiuondoa wote manyoya yanakufa. Vilevile wekundu kwenye ncha za manyoya meusi: jua huchubua melanini, na mnyama anayeshinda nje huwa hivyo. Kama amepotea, wekundu huo ndio jirani atakaomtambua nao.

Halafu kuna ile picha ngumu, nusu juani nusu kivulini. Taa mbili, kelvini 5,500 upande mmoja na 8,000 upande mwingine. Ukivuta vivuli juu, unagundua ubluu ambao giza lilikuwa linauficha, unaongeza joto kuuondoa, na upande wa jua unageuka wa njano. Hapa mizani moja haipo, usipoteze muda kuitafuta. Weka mizani kwa upande ambao uso upo, kisha chagua upande mwingine kwa brashi ya programu na uurekebishe peke yake, joto kidogo na ujazo wa rangi ya bluu chini. Kama programu yako haina brashi, kubali kivuli kiwe na ubluu kiasi. Jicho la mtazamaji linavisamehe vivuli vya bluu. Mbwa wa njano halimsamehe.

Jambo dogo kuhusu macho: ukipiga magharibi kwa flashi na macho yakawaka, kifaa cha kuondoa macho mekundu mara nyingi hakitasaidia. Kwetu sisi wekundu unatokana na damu iliyo nyuma ya retina. Mbwa na paka wana utando unaoakisi mwanga, tapetamu, na mng'ao wake huwa kijani au njano, kwa hiyo kifaa kinachotafuta nyekundu hakioni kitu. Pakia rangi nyeusi kwenye mboni kwa mkono, acha kitone kidogo cheupe cha mng'ao.

Picha ya kumpelekea daktari

Rudi sasa kwa yule daktari wa mifugo aliyeomba picha ya fizi. Fizi za mbwa mwenye afya huwa za pinki. Zikififia kuelekea weupe, anaweza kuwa na upungufu wa damu, na huku kwetu kupe ni mtuhumiwa wa kawaida, kwa sababu wanasambaza vimelea vya babesia vinavyovunja chembe nyekundu. Umanjano unaweza kuwa dalili ya ini au ya chembe hizohizo kuvunjwa kwa wingi. Ubluu unaashiria uhaba wa oksijeni. Sasa linganisha na tulichokisema: mwembe unaongeza kijani na kufifisha pinki, kivuli kinaongeza bluu, jua la jioni linaongeza njano. Kila taa ya nje inaweza kumtengenezea mbwa mzima ugonjwa, na filta ya "kung'arisha" inaweza kumponya mgonjwa kwenye kioo cha simu.

Kwa hiyo picha hii usiihariri kabisa. Mtoe chini ya mti, mpeleke mahali penye kivuli wazi, mbali na nyasi na kuta zilizopakwa rangi, au usubiri wingu lifunike jua. Zima flashi na zima maboresho ya urembo. Weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya mdomo, kionekane kwenye fremu ileile, ili mwenye kuiangalia aone mwanga umeelemea wapi. Nyanyua mdomo wa juu taratibu, gusa fizi kwenye kioo ili kamera ipime hapo, piga mbili tatu. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, na mbwa wengi wanazo, piga upande wa ndani wa kope la chini. Itume kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, maana programu za ujumbe huibana.

Na kama kwa macho yako mwenyewe, mchana, unaziona fizi zimekuwa nyeupe au bluu na mbwa amelegea, usihangaike na karatasi. Mpigie daktari simu, na muanze safari.